Sekunde za Katikati: Jinsi Watangazaji wa Saa Moja Wanavyotuteka

Ukimuuliza shabiki wa Nipashe, taarifa ya habari ya Kiswahili ya runinga ya Citizen, kwa nini anampenda msomaji wake Lulu Hassan, atakwambia ni Kiswahili chake, au tabasamu lake, au namna anavyovaa. Majibu yote ni ya kweli, ila hayaelezi kazi yenyewe inavyofanyika. Taarifa ya habari ya saa moja usiku haidumu sana, na sehemu kubwa ya muda wake haiko mikononi mwa msomaji. Iko kwa wanahabari waliotumwa mashinani, kwa wanasiasa waliokuwa juu ya magari wakihutubia, kwa picha za mafuriko, kwa matangazo ya unga na sabuni. Msomaji anabakiwa na vipande tu: sentensi mbili tatu za kutambulisha kila taarifa, na zile sekunde za katikati, taarifa moja ikiwa imekwisha na nyingine haijaanza. Mimi ni mtazamaji sugu wa habari za saa moja, na nashikilia kwamba mapenzi yetu kwa watu hawa hujengwa ndani ya sekunde hizo.

Chukua meza ya Citizen. Kuna wakati wikendi ilikuwa ya Kanze Dena na Lulu Hassan, wanawake wawili waliopokezana habari kama watu waliolelewa nyumba moja. Mwaka 2018 Kanze akateuliwa kwenda Ikulu, na mwaka huohuo Rashid Abdalla akaketi kando ya Lulu. Rashid ni mumewe. Wakatajwa kila mahali kuwa wanandoa wa kwanza kusoma habari pamoja kwenye runinga ya Kenya, na wengi tulikaa mkao wa kutazama ndoa, tukisubiri utani wa nyumbani na jicho la pembeni.

Walichofanya ni kazi ngumu zaidi ya utani. Meza ya watu wawili kwa kawaida huwa na kamera inayowachukua wote, na kila mmoja ana ya kwake. Mmoja anaposoma akiwa peke yake kwenye skrini, mwenzake hapumziki: anasikiliza sauti ya mtayarishaji kwenye kifaa cha sikioni, anaangalia ni taarifa gani imeondolewa na ipi imeingizwa. Kisha mwelekezi anarudi ghafla kwenye picha ya wote wawili, na hapo ndipo msomaji asiyesoma hupimwa. Uso wake lazima uwe tayari umeingia katika habari iliyokwisha. Kama ni ajali iliyoua watu barabarani, hawezi kukutwa akitafuta karatasi. Kama ni bibi kizee aliyemaliza shule ya msingi, hawezi kukutwa amenuna.

Mtazame Rashid katika sekunde hizo. Macho yake huwa kwa anayesoma, si kwenye kamera, na anamwacha Lulu amalize sentensi hadi nukta kabla hajavuta pumzi. Lulu naye, ambaye usomaji wake ni mwepesi kuliko ule wa mumewe mwenye sauti nzito, hupunguza kasi kidogo anapokaribia kumkabidhi, ili sauti hizo mbili zisigongane. Wasomaji wasiozoeana hujaza pengo hilo kwa maneno: “Naam, kweli kabisa,” “Hakika,” “Inasikitisha sana.” Hawa wawili mara nyingi huliacha pengo likae, na mtazamaji anapata nafasi ya kuhisi alichokiona. Huo ndio ujuzi ninaousifu kuliko wote, na sidhani ni bahati. Hawa ndio wenye kampuni ya Jiffy Pictures, waliotuletea tamthilia za Maria, Zora na Sultana kwenye runinga hiyohiyo. Anayetengeneza tamthilia anajua kwamba mwigizaji anayesikiliza ndiye anayemfanya mwigizaji anayesema aaminike.

Kuna pia ile picha ya mwisho. Kwaheri imeshasemwa, muziki umepanda, vinasa sauti vimezimwa, lakini kamera bado inawaonyesha kutoka mbali wakizungumza. Hatusikii neno. Nyumba nzima huanza kubuni wanachoambiana, na watoto ndio hodari zaidi. Kiufundi, picha hiyo ni ya kujaza muda hadi kipindi kinachofuata kianze, ila naamini imewafanya watangazaji wengi kuwa watu wa nyumbani kuliko mahojiano yoyote ya magazeti.

Tuje kwenye usomaji wenyewe, maana hapa Kiswahili kina mitego yake. Msomaji anasoma maandishi yanayopanda kwenye kioo kilichowekwa mbele ya kamera. Herufi ni kubwa, kwa hiyo mstari mmoja hubeba maneno machache. Kitenzi chetu kimoja, tuseme “waliokubaliana” au “hawajakamilishiwa,” kinaweza kula nusu ya mstari peke yake. Na kwa sababu mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, msomaji anapaswa kuwa ameshaona mwisho wa neno kabla hajafungua kinywa kulianza. Anayesoma neno kwa neno hugundulika mara moja: sauti yake hupanda mahali pasipofaa, halafu inajirudi.

Mtego mkubwa zaidi uko mwanzoni mwa neno. “Watafikishwa mahakamani” na “hawatafikishwa mahakamani” zinatofautiana kwa silabi moja, “ha,” nayo ndiyo ya kwanza, pale ambapo pumzi bado haijakaa sawa. Msomaji akiimeza, washukiwa walioachiliwa wanapelekwa kizimbani mbele ya nchi nzima. Wasikilize wasomaji kama Mashirima Kapombe na Lofty Matambo wanapokutana na kitenzi cha kukanusha: wanasita kidogo sana kabla yake, kisha wanaiweka silabi hiyo wazi bila kuipigia kelele. Ukishaligundua hilo, utalisikia kila usiku.

Halafu tarakimu. Ukikutana na 250,000 kwenye kioo, unaisomaje? Ukisema “elfu mia mbili na hamsini,” kuna atakayesikia mia mbili elfu na shilingi hamsini juu. Ukisema “mia mbili na hamsini elfu,” umeeleweka, lakini msikilizaji amesubiri hadi neno la mwisho ndipo ajue kama unazungumzia mamia au maelfu. Msomaji mahiri atakwambia “laki mbili na nusu,” na mama anayepika jikoni, akiwa ameipa runinga mgongo, ameshaelewa. Neno la sokoni limetatua tatizo la studioni. Msimu wa bajeti, mabilioni na matrilioni yanapofuatana na nukta zake, mimi huacha kusikiliza serikali imetenga nini nikasikiliza tu namna tarakimu zinavyosomwa. Tarakimu iliyosomwa vizuri hukaa kichwani, na mtazamaji anaweza kumuuliza mheshimiwa wake ilikokwenda.

Tukumbuke pia kwamba sehemu kubwa ya kinachosomwa saa moja kilizaliwa kwa Kiingereza. Katiba ya 2010 imekipa Kiswahili hadhi ya lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza, ila taarifa za polisi, hukumu za mahakama na ripoti za kamati za bunge nyingi bado huandikwa kwa Kiingereza. Habari ya saa kumi alasiri lazima iwe ya Kiswahili ifikapo saa moja, na siyo Kiswahili cha kamusi bali cha kusikika. Oktoba 2024, Rigathi Gachagua alipobanduliwa kwenye wadhifa wa naibu rais, mjadala wa Bunge la Taifa tarehe 8 uliendeshwa zaidi kwa Kiingereza cha mawakili, wenye sababu 11 za kumshtaki na vifungu vya katiba kila mahali. Wabunge 281 wakaunga mkono, 44 wakapinga. Seneti nayo, tarehe 17, ikathibitisha sababu tano kati ya hizo 11. Wasomaji wa Kiswahili walilazimika kueleza yote hayo, mengine yakiwa bado yanatokea, kwa maneno ambayo mtu wa Wundanyi na mtu wa Lodwar watayaelewa kwa pamoja. Neno “kubanduliwa” lilikuwa tayari linatumika katika vyumba vya habari, lakini kwa wiki hizo likawa la matatu na vijiwe vya kahawa. Walioliingiza humo ni watu wa saa moja.

Na hawakutuhutubia ili watufunze. Mtaani Nairobi tunasema “gari mbili zimegongana” na hakuna anayeshtuka. Msomaji anasema “magari mawili yamegongana,” na hatuhisi kama tumesahihishwa, kwa sababu hasemi kwa majivuno. Halafu anageuka na kuyataja majina ya kaunti zetu, Murang'a, Tharaka-Nithi, Elgeyo Marakwet, kila moja kwa matamshi ya wenyeji wake. Kwa nchi yenye lugha nyingi kama yetu, kulitaja jina la kijiji cha mtu sawasawa ni heshima kubwa. Nimeona watu wakipiga makofi sebuleni kwa hilo tu.

Kazi hii ina wazee wake. Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, aliendesha kipindi cha “Je, Huu ni Ungwana?” tangu 1966, na sauti yake iliwafundisha wengi kwamba mtangazaji anaweza kukukosoa huku unacheka. Badi Muhsin wa KBC alikuwa na uzito ambao uliifanya hata habari ya bei ya mahindi isikike kama ya taifa zima. Swaleh Mdoe akaja na kitu kingine: ucheshi ndani ya habari zenyewe. Mdoe alielewa kwamba kichekesho husomwa kwa uso mkavu. Alisoma habari ya kituko kwa sauti ileile ya habari ya baraza la mawaziri, na ndiyo maana tulianguka kwenye viti.

Uaminifu uliojengwa hivyo una thamani, na wenye madaraka wanaijua. Kanze Dena alikwenda Ikulu akawa msemaji wake. Mwanaisha Chidzuga, aliyekuwa K24, akateuliwa mwaka 2023 kuwa naibu msemaji wa serikali. Tanzania ni hivyohivyo: Godwin Gondwe wa ITV akawa mkuu wa wilaya, na Zuhura Yunus, tuliyezoea kumwona Dira ya Dunia ya BBC kutoka London, akaitwa mwaka 2022 kuongoza mawasiliano ya Rais. Sina kinyongo na yeyote kati yao, kila mtu ana riziki yake. Ila kiufundi jambo moja hubadilika papo hapo. Studioni, kituo cha pumzi kilikuwa nafasi ya mtazamaji kufikiri. Kwenye jukwaa la serikali, kituo hicho kinakuwa nafasi ya swali la mwanahabari, na anayezungumza hana budi kukipunguza. Sauti ni ileile, lakini zile sekunde tulizozipenda hazipo tena.

Thamani hiyo tuliionja kwa uchungu tarehe 30 Januari 2018, serikali ilipozima mitambo ya Citizen, NTV na KTN News siku ya kiapo cha kiongozi wa upinzani, Raila Odinga, katika bustani ya Uhuru. Habari bado zilipatikana kwenye simu, tena kwa haraka kuliko runinga. Kilichokosekana ni mtu wa kutusalimia kwanza.

Ndiyo maana nina ombi kwa wahariri wa vituo vyetu. Siku hizi taarifa ya saa moja ikishasomwa, hukatwakatwa na kupandishwa YouTube, kila habari peke yake. Wakataji huanza pale mwanahabari wa mashinani anapoanza na huishia pale anapotaja jina lake na mahali alipo. Msomaji ameondolewa, na makabidhiano yameondolewa pamoja naye. Kijana anayetazama habari kwa simu kwenye matatu anamjua mwanahabari wa Kisii na wa Garissa, lakini hajawahi kuona Rashid akimsikiliza Lulu, wala uso wa msomaji baada ya picha za mafuriko ya Budalang'i. Wasomaji wapya wanaoanza sasa hawatajengewa mapenzi tuliyowajengea wakubwa wao kama sehemu yao ya kazi haionekani. Mkataji wa video aachie sekunde kumi tu za mwanzo, msomaji akiitambulisha habari, na tano za mwisho, kamera ikirudi kwake. Video haitakuwa nzito zaidi kwa hizo, na anayetaka kuruka mbele kidole chake kinajua njia.