Sifa ya Uzi wa Shaba

Watu wengi huusifu upanga na kuisahau waya, ilhali upanga hufuliwa kwa nyundo na mkono wenye nguvu, na waya hudai, juu ya nguvu hizo, saburi na hesabu. Fundi huichonga ncha ya ufito wa shaba, akaipenyeza katika tundu lililo dogo kuliko ufito wenyewe, kisha akaikamata upande wa pili kwa koleo na kuvuta. Hasukumi, kwa maana ufito mwembamba ukisukumwa hujikunja. Huvuta, na madini yaliyobanwa pande zote hayapotezi kitu, bali unene wake hugeuka urefu, hata kipenyo kikipungua nusu, urefu huwa mara 4. Tundu hufuatwa na jingine dogo zaidi, na mwenye pupa ya kuruka hatua huukata uzi wake.

Katika kazi hii imo hikima niipendayo kuliko zote: shaba ivutwapo hushupaa, ikazidi nguvu lakini ikakaribia kukatika, ndipo fundi huirudisha motoni, akaipasha pasipo kuiyeyusha, nayo ikalainika, ikawa tayari kuvutwa tena. Kujua ni lini ushupavu huo umefika mpaka wake, huo ndio ustadi wenyewe, na wahunzi wa kale waliujua kwa mikono yao.

Wala wahunzi hao hawakuwa wa ng'ambo tu. Huko Ingombe Ilede, katika bonde la Zambezi nchini Zambia, yaligunduliwa mwaka 1960 makaburi ya takriban karne ya 15 na ya 16, na ndani yake, pamoja na dhahabu na shanga za kioo zilizoletwa na biashara ya Bahari ya Hindi, mlikuwamo mabamba ya chuma ya kuvutia waya, koleo, nyundo na bangili za waya ya shaba. Naona heshima kubwa katika jambo hili, kwamba maiti aliyevikwa dhahabu alilazwa pamoja na zana za uhunzi.

Ujerumani nako, mwishoni mwa karne ya 15, Albrecht Dürer alikichora kinu cha waya kando ya mto Pegnitz, ambako nguvu ya maji ilikuwa imepokea kazi ya misuli. Viwanda vya leo hutumia matundu ya almasi kwa nyuzi nyembamba mno, na katika mashine moja waya hupita tundu baada ya tundu pasipo kusimama, kila gurudumu la kuivuta likizunguka kwa kasi zaidi kuliko lililotangulia, kwa kuwa waya inayolifikia imekwisha kurefuka.