Rosa Hakufundishwa Kusema

Katika semina yetu ya riwaya, mwenzangu mmoja alisimama akasema kwamba Rosa, mhusika mkuu wa Rosa Mistika (1971), kaharibiwa na uhuru wa shule. Wengi wakapiga makofi. Mimi natoka Mpanda, na siku ile nilirudi bwenini sina raha. Hivi ni kweli uhuru ndio humharibu mtoto?

Hebu tuanze na Zakaria. Hayati Kezilahabi anamchora baba mlevi anayempiga bintiye vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana, Charles. Wahakiki wengi huishia hapo: malezi mabaya, basi. Lakini tujiulize, Rosa alijifunza nini siku ile? Hakujifunza namna ya kumpima mwanamume wala ya kukataa. Alijifunza kwamba jambo la moyoni likijulikana nyumbani ni kipigo. Mtoto wa namna hii anaendelea kutamani kama wenzake, ila anaacha kusema. Woga nao humlinda mtu akiwa karibu na fimbo tu. Rosa alipokwenda masomoni fimbo ilibaki Ukerewe, naye hakuwa na kitu kingine cha kushika.

Kwetu jambo hili si la kitabuni. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta mkoani Katavi asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wameshazaa au ni wajawazito. Wastani wa nchi ulikuwa 27. Umaskini, umbali wa shule na ndoa za mapema vyote vimo, sikatai. Lakini Mpanda nimewasikia wazazi wakisema kwa fahari, "Binti yangu ananiogopa kweli kweli," kana kwamba kazi ya malezi imekwisha. Sasa huyo binti akipata shida, atamwambia nani?

Hapa ndipo ninapombana mwandishi mwenyewe. Katika Kichwamaji (1974), Kazimoto, kijana wa chuo kikuu, kapewa nafsi ya kwanza. Anajisimulia, anajihoji, anabishana na dunia. Rosa anasimuliwa na mtu mwingine. Matendo yake tunayaona kwa wingi; ubishi wake na moyo wake tunaupata kwa haba. Najua kuna atakayesema nafsi ya tatu ilihitajika ili tumwone Zakaria na mkewe Regina pia. Sawa, nakubali. Hata hivyo, riwaya inayoulaumu ukimya wa nyumba ile imemwachia Rosa sehemu ya ukimya huohuo, na ndiyo maana msomaji anapata urahisi wa kumhukumu.

Mwishoni Rosa anajiua. Tukisema kauawa na uhuru, tunamrudishia Zakaria fimbo mkononi. Mwenzangu, kama umesoma hadi hapa, njoo tubishane tena semina ijayo.