Tembo wa ukingoni: kuwaona Ngorongoro jioni

Gari likishapanda kutoka ndani ya kreta ya Ngorongoro, abiria wengi hufunga kamera na kusinzia. Wanakosea. Tembo wa kule chini, kwenye uwanda wa kilomita za mraba zipatazo 260, wengi ni madume wakubwa. Majike na watoto wao hukaa msituni huku juu, kwenye mita 2,300 hivi kutoka usawa wa bahari, na barabara ya kurudi geti la Lodoare inakatisha makazi yao.

Ila kuwaona ni kazi nyingine. Chini ni peupe, darubini inatosha. Msituni dereva anayeijua njia huenda polepole na kufungua vioo, hata kama baridi inauma, kwa sababu pua huwahi kuliko macho: harufu nzito kama ya zizi la ng'ombe inapovuka barabara, nyati, ambao nao wamo msituni humu, hawako mbali. Kinyesi cha tembo kinachofuka mvuke, na matawi mabichi yaliyosambaa njiani, ni dalili kwamba kundi limevuka sasa hivi. Hapo huzima injini na kusikiliza matawi yakivunjwa.

Anayetafuta nyati mzima hamwoni. Miti imesimama wima. Mgongo wa nyati umelala. Tafuta mstari uliolala kati ya mashina, kisha subiri sikio lipunge.

Geti hufungwa saa kumi na mbili jioni, jua likiwa bado halijazama. Lakini mteremko wa upande wa Karatu umelipa jua kisogo, hivyo kiza cha msituni huingia mapema. Katika mwanga hafifu, katikati ya jicho la binadamu ndipo penye uoni dhaifu. Tazama kando kidogo ya kitu, nacho hujitokeza. Taa nazo zina yake. Nyuma ya retina ya pongo, nyati au chui kuna utando unaorudisha mwanga, ndiyo maana macho yao hung'aa. Wapo wanaojigamba kumtaja mnyama kwa rangi ya mng'ao. Mimi siwaamini, maana rangi hiyo hubadilika kwa pembe ya mwanga. Kimo cha macho na namna yanavyosogea husema zaidi: ya chui hukutazama yote mawili kwa pamoja, ya pongo aliyegeuka ubavu huonekana moja tu. Ukungu ukishuka, washa dimu. Taa kali hujenga ukuta mweupe mbele yako.

Ukiona mtoto wa tembo kando ya barabara, simama mbali. Usipite mpaka ujue mama yake yuko upande gani, kwani huenda ukajikuta katikati yao. Kundi likiamua kusimama njiani halina haraka, kwa hiyo ni busara kuanza kuipanda barabara ya Lerai, ile ya kutokea kreta, mapema, saa kumi hivi, ili usilazimike kulisukuma kwa honi kisa geti.