Mawingu na Mvua

Novemba, mkulima wa Magamba akitoka nje alfajiri akakuta mbingu haina hata wingu, mbegu hubaki ndani. Methali yasema dalili ya mvua ni mawingu; mawingu hayapo, basi mvua haipo. Kesho yake mawingu yakitanda, hapo ndipo fundi wa kufikiri hutengana na mwanagenzi. Mwanagenzi humwaga mbegu zote. Fundi hukumbuka kwamba methali haikumwahidi mvua: ilisema mvua haiji bila mawingu, haikusema mawingu hayaji bila mvua. Ukiyapanga mawili hayo hupati zaidi ya hali nne: mawingu na mvua, mawingu bila mvua, ukavu bila mawingu, na mvua bila mawingu. Ni hiyo ya mwisho tu inayoivunja methali. Mwanafalsafa Ludwig Wittgenstein alizichora hali za namna hii katika jedwali, kwenye kitabu cha 1921, na mwanahisabati George Boole alikwisha kuzifanya hesabu mwaka 1854. Lakini kauli yenyewe wazee walikuwa nayo mdomoni, imenyooka.

Wapo wasemao mantiki ni elimu ya kigeni, tena baridi, isiyojua kama wingu lina maji. La pili ni kweli: mantiki haichungulii angani. Kazi yake ni kulinda njia kutoka neno moja hadi jingine, kama fundi seremala asiyeotesha mti lakini anayejua kiungo kipi kitabeba uzito. La kwanza silikubali. Chrysippus, Mgiriki wa kale, alimtolea mfano mbwa wa mawindo aliyefika njia panda ya njia tatu: akanusa ya kwanza, akanusa ya pili, kisha akakimbilia ya tatu bila kunusa. Msasi yeyote wa miombo angemtambua mbwa huyo. Na Kiswahili kimebeba ufundi huu ndani ya kitenzi: “akija” huacha mlango wazi, “angalikuja” huufunga. Silabi chache tu, na msikilizaji ameshajua kama bado kuna la kungoja.

Ufundi huo sasa unachakaa. Mwizi hukimbia, kwa hiyo anayekimbia ni mwizi. Na kabla mtu hajauliza ni nani mwingine hukimbia, mawe yameshaokotwa. Kanda ya Ziwa na magharibi ya Tanzania wameuawa vikongwe kwa kauli iliyogeuzwa vivyo hivyo: mchawi ana macho mekundu, bibi huyu ana macho mekundu. Hata kama nusu ya kwanza ingekuwa kweli, nayo si kweli, ya pili isingethibitisha lolote. Macho yale yaliiva kwa moshi wa kuni, miaka na miaka ya kuinama mekoni, akiwapikia watoto ambao leo ni watu wazima wa kijiji hicho hicho.