Kaboni Kwanza, Nembo Baadaye

Kabla hujamuuliza muuzaji bei ya grainda, muulize kaboni zake zinauzwa wapi. Kaboni ni vile vipande viwili vyeusi vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka ndani ya mota, navyo vimetengenezwa vilike polepole ili sehemu iliyo ghali isilike. Kwa fundi anayeishika mashine kila siku lazima ziishe, na zikiisha ndipo utajua ulinunua nini. Muuzaji akifungua droo akakuonyesha pakiti yenye namba, uko mahali pazuri. Akikwambia, "Hizi haziharibiki, bosi wangu," mshukuru, uende duka la pili.

Huo ndio msimamo wangu juu ya nembo zote za mashine za umeme za mkono. Ubora hauishii ndani ya kasha la plastiki. Unafika mpaka duka la spea na meza ya fundi anayesuka mota. Mashine yenye sifa duniani kote, ambayo amecha yake, ile sehemu inayozunguka, haipatikani kwenye maduka ya spea ya Gerezani wala Kamukunji, itakuwa chuma chakavu siku ikiungua. Na mashine ya daraja la kati ambayo kila fundi wa mtaani anajua skrubu zake zilipo inaweza kukulishia watoto miaka mingi.

Tuifungue mashine yenyewe basi. Mashine nyingi za waya zimejengwa kwa mpango mmoja: stata imetulia, amecha inazunguka katikati yake, kaboni mbili zinagusa komutata, ile pete ya shaba ya amecha, na mbele kuna gia za kupunguza mwendo. Tofauti iko kwenye malighafi na unadhifu wa kazi. Amecha nzuri imezungushiwa nyaya za shaba, zikapakwa vanishi ya kutosha na kukazwa zisitikisike mota inapokimbia. Za bei ya chini kabisa mara nyingine ni alumini iliyopakwa shaba juu. Kwa ujazo uleule, shaba ina uzito zaidi ya mara tatu ya alumini, ndiyo maana fundi mzoefu hupima mashine kwa mkono kabla ya kuisoma. Omba mbili za ukubwa mmoja, shika moja kila mkono. Uzito peke yake haumalizi hukumu, lakini mashine nyepesi inayojigamba kwa wati nyingi imeshajieleza.

Kisha shika shafti kwa vidole uitikise. Ukisikia mguso mfupi wa meno ya gia, ni kawaida. Shafti yenyewe ikiyumba kulia na kushoto, beringi ni mbovu au imekaa vibaya, na hilo halitengemai lenyewe. Chomeka, washa, sikiliza: mota njema hupanda kwa sauti moja iliyonyooka. Ukizima, usiiweke chini haraka, isikilize inavyopunguza mwendo hadi kusimama, maana mikwaruzo ambayo mlio wa mota uliificha husikika hapo. Chungulia kwenye matundu ya hewa. Cheche ndogo za samawati kwenye kaboni hazina neno, hasa kaboni zikiwa mpya na bado hazijakaa vizuri kwenye komutata. Pete ya moto inayoizunguka komutata yote ni ugonjwa.

Jambo moja linalowapotosha wengi: kaboni nyingi za Makita na Bosch zina kipini kidogo kilichofichwa ndani. Kaboni ikilika hadi kikomo, kipini huisukuma itoke kwenye komutata, na mashine huzima ghafla kana kwamba imekufa. Watu wameuza mashine nzima kwa bei ya chuma chakavu kwa sababu ya kaboni mbili. Namba ya kaboni huwa imegongwa ubavuni mwake. Za Makita huanza na herufi CB. Nenda nayo dukani, wala usikubali kaboni ya mashine nyingine iliyosagwa kwa msasa ili iingie, kwani ikiwa ngumu kupita kiasi itakula komutata, na komutata ikiisha amecha imekwisha.

Sasa nembo zenyewe. Makita ilianza mwaka 1915 mjini Nagoya kama karakana ya kukarabati mota, na mwaka 1958 ikatoa randa ya umeme ya mkononi, ya kwanza Japani. Naona asili hiyo ya ukarabati bado imo ndani ya mashine zao. Keekee yao ya kutoboa zege, HR2470, ina vifuniko vya kaboni pembeni vinavyofunguliwa kwa bisibisi ya kawaida. Hakuna haja ya kupasua kasha. Bosch ni wa Stuttgart tangu 1886, na mwaka 1932 walitoa nyundo yao ya umeme. Mfumo wa SDS, ule wa kuchomeka biti bila ufunguo, waliuleta mwaka 1975, na leo hata washindani wao wanautumia. Kwa Bosch rangi ina maana ya kweli: buluu ni ya kazi ya ufundi, kijani ni ya nyumbani. Usimlaumu mwenye keekee ya kijani ikimchokea kwenye jengo la ghorofa. Haikuundwa kwa ajili hiyo. DeWalt ya njano, iliyozaliwa Marekani mwaka 1924, ina mmiliki mmoja na Black+Decker, ambayo hulenga zaidi kazi za nyumbani. Milwaukee na Ryobi nazo ziko chini ya kampuni moja ya Hong Kong, TTI, ya kwanza ikiwa ya fundi na ya pili ya mwenye nyumba. Kwa hiyo nchi iliyoandikwa kwenye kibandiko haitoshi kutoa hukumu. Makita na Bosch wana viwanda China pia, na mashine yao iliyotoka huko inaweza kuwa halisi kabisa.

Na Ingco na Total, ambazo zimejaa madukani kwetu? Nazitetea mahali pake. Kwa mwenye nyumba anayetundika pazia na kabati, au kijana anayeanza kazi na mtaji mdogo, ni ununuzi wa busara, tena kwa kuwa zinauzwa kwa wingi, spea zake hazisumbui kupatikana. Ninachokataa ni kuzipa kazi ya kutwa nzima bila kupumzishwa, halafu kushangaa. Seremala wa Keko anayeranda mninga au mkongo tangu asubuhi anahitaji randa iliyojengwa kustahimili joto la mfululizo, na hapo tofauti ya bei hujilipa. Ushauri wangu kwa fundi ni kuweka fedha nyingi kwenye ile mashine moja inayomwingizia mkate, na nyingine zote anunue za bei nafuu mpaka kazi yenyewe imwambie vingine.

Kwenye kutoboa ukuta, watu wengi hukosea aina ya mashine kabla hata ya kukosea nembo. Keekee ya kawaida yenye kitufe cha nyundo hupiga kwa diski mbili zenye meno zinazorukiana, na nguvu ya pigo hutegemea sana unavyoisukuma kwa bega lako. Kwenye tofali la saruji inafaa. Ukifika kwenye lenta au nguzo ya zege, inapiga kelele tu na kuunguza biti. Mashine ya SDS ina pistoni inayobana hewa na kurusha nyundo ndani, wewe unaiongoza tu. Kipimo chake ni juli za kila pigo: HR2470 hutoa 2.4, Bosch GBH 2-26 hutoa 2.7, na zote mbili ni za wati 800 hivi. Muuzaji akikutajia wati pekee kwenye mashine ya zege, mwombe akutajie juli.

Wati zenyewe ni umeme unaoingia. Sehemu yake hupotea kama joto, na katika mashine mbaya hupotea nyingi zaidi. Grainda ya Makita ya milimita 115, GA4530, imeandikwa wati 720 na inakata nondo vizuri. Ukikuta kigrainda cha kipimo hicho kina kibandiko cha wati 2,000 na waya mwembamba wa plastiki ngumu, amini waya. Feki hujitambulisha kwa alama kama hizo zaidi kuliko kwa herufi za nembo: maungio ya kasha yenye kingo kali, skrubu za kichwa laini, namba ya mashine isiyolingana na ya boksi. Linganisha namba hizo mbele ya muuzaji na zikae kwenye risiti.

Hata mashine halisi huuawa na waya wa kuivutia umeme. Grainda kubwa ya wati 2,200 huvuta karibu ampea 10. Ukiipa ekstensheni ya mita 30 yenye waya wa milimita za mraba 0.75, zaidi ya volti 13 hupotea njiani, na mtaani ambako umeme tayari uko chini, mota itafanya kazi ya jasho hadi iungue. Tumia 1.5 au zaidi, na kama waya umezungushwa kwenye gurudumu, ukunjue wote.

Kuna kosa moja nalipinga kwa nguvu zote. Mafundi huvua kinga ya grainda ndogo ili waingize diski kubwa. Grainda ya milimita 115 huzunguka mara 11,000 kwa dakika. Diski ya milimita 180 imeruhusiwa takribani 8,500 tu. Inapopasuka, vipande hutoka kwa kasi ya mita 80 kwa sekunde au zaidi, vikielekea usoni na shingoni. Ukinunua, chagua mashine ambayo kinga yake inageuka kwa mkono bila spana, maana kinga inayosumbua ndiyo inayovuliwa. Soma pia pete ya chuma katikati ya diski. Diski za kukatia huwa na tarehe ya mwisho wa matumizi, kwa sababu gundi yake huzeeka na unyevu, na pwani unyevu haukosi.

Wanaopenda mashine za mitumba wasome volti kabla ya nembo. Mashine zenye plagi ya njano ya mviringo ni za maeneo ya ujenzi Uingereza, ambako hutumia volti 110 kwa usalama. Za Marekani ni 120, za Japani ni 100. Umeme wa Tanzania ni 230 na wa Kenya 240, kwa hiyo kubadilisha plagi tu ni kuichoma mashine njema ndani ya sekunde chache. Zinafaa ukiwa na transfoma ya nguvu ya kutosha, jambo linalowezekana karakanani, lakini juu ya ngazi kwa mteja ni mzigo.

Kwa mashine za betri, usibabaishwe na 18 dhidi ya 20. Ndani kuna seli tano mfululizo. Kila moja ina volti 3.6 za kawaida na kama 4 ikijaa, hivyo DeWalt ya 20 na Makita ya 18 ziko sawa. Cha kuuliza ni ampea-saa: betri ya volti 18 na ampea-saa 5.0 ina wati-saa 90, na kwa kawaida seli kumi ndani, kila moja yenye uzito wa gramu 45 hivi. Betri iliyoandikwa 5.0 lakini nyepesi kama ya 2.0 imekosa seli, na mizani ya duka la jirani itakuonyesha hivyo. Betri za nembo moja kwa kawaida haziingii kwenye mashine za nembo nyingine, kwa hiyo ukinunua ya kwanza umeshachagua familia. Orodhesha mashine tatu utakazohitaji miaka ijayo, kisha nenda ukaangalie kama betri ya familia hiyo inauzwa peke yake mjini kwako, na kwa bei gani.