Strima na amplifaya: soma volti, usisome bei

Ushauri unaosikika sana kwa wanaojenga mfumo wa muziki nyumbani ni huu: strima ya bei kubwa iende na amplifaya ya bei kubwa, tena za kampuni moja. Unavutia, ila hauna fizikia ndani yake. Vifaa hivi havijuani kwa majina. Vinajuana kwa omu na volti.

Tuanze na omu. Strima yenye ukinzani wa kutolea wa omu 100, ikiunganishwa na amplifaya yenye ukinzani wa kupokelea wa omu 10,000, inapoteza kama asilimia 1 tu ya volti. Sikio halitambui. Hapo hakuna cha kulipia.

Tatizo la kweli liko kwenye volti. Strima nyingi hutoa kama volti 2 sauti ikiwa juu kabisa. Amplifaya inayohitaji volti 0.5 kufikia nguvu yake yote inapokea mara nne ya mahitaji, yaani desibeli 12 za ziada. Matokeo? Unagusa kitasa kidogo tu, nyumba nzima inatetemeka. Na kitasa cha bei rahisi kikiwa chini kabisa, mara nyingi spika ya kushoto na ya kulia hazilingani.

Dawa yake ni bure: punguza desibeli 12 ndani ya strima yenyewe. Hiyo ni kama biti 2. Kwenye strima ya biti 24 hutaona pengo. Basi kabla hujaongeza hela, fungua kwanza ukurasa wa vipimo.