Dawa ya Paa

Paa la bati pale Mkokotoni, Unguja, halichoshwi na mvua peke yake. Upepo unaovuka mkondo kutoka upande wa kisiwa cha Tumbatu huleta chumvi, majiko ya kuni huleta masizi, mwembe ulioinamia nyumba hudondosha majani na utomvu, na juu ya yote hayo huota utando mweusi unaoshikilia kwenye mabonde ya bati. Mwenye nyumba akiinua macho huona kitu kimoja tu, uchafu. Fundi anayejua kuosha mapaa huona vitu mbalimbali vilivyolaliana, kila kimoja na dawa yake, na kimojawapo hakitaki dawa kabisa. Ufundi huu nauheshimu mno, na sijausikia ukisifiwa unavyostahili.

Wengi hudhani sifa ya kazi hii ni nguvu ya mkono. Nguvu anayo kila mwenye brashi ya waya, na brashi hiyohiyo ndiyo inayoliua bati. Bati ni chuma kilichovishwa zinki, na vazi lenyewe ni jembamba sana. Bati zuri lenye gramu 275 za zinki kwa kila mita ya mraba, pande zote mbili zikihesabiwa, lina unene wa kama sehemu 2 za 100 za milimita kila upande. Ya bei nafuu hayafiki hapo. Zinki hiyo hujitoa kuliwa na chumvi ili chuma kisalimike. Sasa mtu aje na asidi ya betri atoe doa la kutu: doa litatoka, na zinki nayo itatokota povu mbele ya macho yake. Akikimbilia kostiki soda bado hajapona, kwani zinki huliwa na asidi na huliwa na magadi makali pia. Alumini ni vivyo hivyo, kwa hiyo hata mabati ya siku hizi yaliyopakwa alumini na zinki pamoja hayawezi kuvumilia mkono wa pupa.

Klorini ndiyo inayotajwa kwanza kila mahali, na ina historia yake. Marekani nyumba nyingi zimeezekwa vigae vya lami, na michirizi myeusi inayoonekana juu yake ni viumbe hai vidogo mno, Gloeocapsa magma, ambavyo hustawi kwa chokaa ya mawe iliyosagwa ndani ya vigae hivyo. Kule klorini kali hunyunyizwa bila kusuguliwa, ikaachwa ifanye kazi, kisha ikasuuzwa. Ni kazi safi, nami siilaumu. Lakini lami haidhuriki na klorini kama zinki inavyodhurika. Na kwetu yapo mapaa mengi ambayo maji yake hupita kwenye mfereji yakaingia tangini, yakapikiwa wali. Klorini iliyozimuliwa hadi asilimia 1 ina miligramu 10,000 kwa lita. Maji ya kunywa yakishatiwa klorini na kukaa nusu saa, hutakiwa kubakiwa na kama nusu miligramu tu. Tofauti hiyo ni ya mara 20,000, na mtu anayeosha paa bila kuchomoa bomba la tangi ameibeba tofauti yote hiyo akaimimina kwenye maji ya familia.

Fundi ninayemsifu hupanda na kichupa kidogo cha klorini iliyozimuliwa, kitambaa, na maji mengi ya kusuuzia. Hachagui dawa akiwa chini. Hutafuta kona isiyoonekana, karibu na upenu, akadondosha tone moja juu ya weusi, kisha akangoja bila kugusa. Weusi ukififia ukawa rangi ya majani makavu, ni kitu hai, kuvu au mwani wa nchi kavu, na klorini dhaifu itautosha. Usipobadilika ni masizi, na masizi hayana haja ya sumu. Yanataka sabuni ya mche iliyokatwakatwa ikayeyushwa katika maji ya vuguvugu, na kumbi la nazi la kusugulia. Akikuta unga mweupe unaochafua kidole, hiyo ni zinki yenyewe inayooza, na hapo huweka kila kitu chini, kwa sababu dawa yoyote itamalizia kilichobaki. Tone moja na subira kidogo vimeokoa mapaa ambayo galoni nzima ingeyatoboa.

Kwenye kitu hai, mkono wake huenda kwenye udhaifu wa dawa na urefu wa muda. Klorini ya dukani ya kufulia huwa na nguvu ya kama asilimia 3.5, ile ya unga ya kutibia maji hufika asilimia 65 hadi 70, na anayezipima kwa kopo lilelile hajui anachoshika. Huanza alfajiri, bati likiwa baridi, kwani juani klorini hukauka na kuvunjika kabla haijafanya kazi, ikaacha chumvi yake juu ya zinki. Huunyevusha utando, huusubiri, kisha husuuza, na kusuuza huchukua muda mrefu kuliko kuosha. Wala haichanganyi na siki, wala asidi ya chooni, maana hutoa gesi ya klorini, na mtu aliye juu ya ngazi hana pa kukimbilia.

Yupo atakayemwambia atie mrututu, kwa kuwa huua kuvu na utando haurudi upesi. Ni kweli huua. Shaba iliyomo hujipaka juu ya zinki na kuharakisha kuliwa kwake, na maji yanayotoka hapo ni sumu kwa samaki. Sehemu kubwa ya Unguja imelala juu ya mawe ya matumbawe yenye matundu, kinachomwagwa uani hushuka hadi kwenye maji ya visima, na Mkokotoni kuna mikoko na diko hatua chache kutoka nyumbani. Huu ndio uamuzi ninaoupenda kuliko yote katika kazi hii: kuijua dawa inayofaulu, na kuikataa.

Mjini, kwenye mapaa bapa ya chokaa ya Mji Mkongwe, mambo hugeuka. Chokaa huyeyushwa na asidi yoyote, hata ya ndimu, na magadi makali ambayo bati linayaogopa ndiyo afya yake. Chokaa mpya iliyozimuliwa na kupakwa juu ya chokaa kongwe huua kuvu kwa ukali wake wenyewe, kisha polepole hurudi kuwa jiwe kwa kuvuta hewa ya ukaa. Rangi ya plastiki hufungia unyevu ndani, na boriti huoza chini yake bila mtu kujua.

Nirudi kwenye bati, kwa kile kisichotaka dawa. Juu mvua huiosha chumvi. Chini ya upenu mvua haifiki, na huko ndiko kutu ya pwani huanzia mara nyingi. Fundi huinamisha kichwa akaosha upande wa chini kwa maji matupu, mara kwa mara wakati wa kiangazi. Visima vingine vya karibu na pwani vina maji ya chumvi, kwa hiyo kabla ya kumwaga ndoo ya kwanza huyaonja, na yakiwa na ladha ya chumvi hutuma watu wakachote kwingine.